Miaka 19, dola milioni 82, mechi sifuri: Hivi ndivyo besiboli inavyopima vijana

Desemba 2023, klabu ya Milwaukee Brewers ilimpa Jackson Chourio, kijana kutoka Venezuela, mkataba wa miaka minane wa dola milioni 82. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya Sh10 bilioni. Chourio alikuwa na miaka 19. Mechi alizokuwa amecheza katika MLB, ile ligi kuu ya besiboli kule Marekani, zilikuwa sifuri. Hata moja tu hakuwa nayo.

Sisi huku ukienda kuomba kazi ya kupanga bidhaa kwa supamaketi unaambiwa ulete uzoefu wa miaka mitatu. Huyu mwenzetu alilipwa kwa kazi ambayo hajawahi kuifanya, na waliomlipa si wajinga. Kuna watu waliketi mahali na tarakilishi zao, wakapiga hesabu, wakasema huyu ni sawa, lete kalamu. Swali langu ni moja: walijuaje?

Najua besiboli si mchezo wetu. Wengi tuliishia kwa raunda shule ya msingi: mmoja anarusha mpira, mwingine anapiga halafu anatimua mbio kuzunguka vituo. Kama unakumbuka hiyo, tayari una nusu ya besiboli. Nusu iliyobaki ni kwamba mrushaji wa MLB anaachilia mpira wake wa kasi kwa wastani wa kilomita 151 hivi kwa saa, na anayeupiga akifaulu mara tatu kati ya kumi, huyo ni staa. Soma hapo tena. Mtu anafeli mara saba kati ya kumi na anajengewa sanamu nje ya uwanja. Ndiyo maana kumpima kijana katika mchezo huu ni kazi ngumu: wote wanafeli, wazuri na wabaya, kwa hivyo lazima uangalie wanavyofeli.

Maskauti wa besiboli wana kipimo chao cha ajabu kinachoanza 20 na kuishia 80. Hakuna sifuri wala mia. Hamsini ndiyo wastani, na si wastani wa mtaa au wa shule, ni wastani wa mchezaji wa MLB. Kwa hivyo kijana wa miaka 17 akiandikiwa 50 kwa mbio, maana yake tayari anakimbia sawa na watu wazima wanaolipwa mamilioni. Wanaofika 80 ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwa mpigaji wanapima vitu vitano: uwezo wa kuugusa mpira, nguvu za kuupeleka mbali, kasi ya miguu, kudaka, na mkono wa kurusha. Kasi haina ubishi, saa inatosha. Kutoka anaposimama mpigaji hadi kituo cha kwanza ni mita 27.4, na anayepigia upande wa kulia akitumia sekunde 4.3 hivi, mwandikie 50 wende mkanywe chai.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Kwa kila kitu skauti anaandika namba mbili. Ya kwanza ni vile kijana alivyo leo, ya pili ni vile atakavyokuwa akikomaa. Unaweza kukuta kijana ameandikiwa upigaji 30 leo, 55 baadaye. Yaani leo ukimpeleka kwa wakubwa ataaibika, lakini mikono yake ni myepesi, macho yake yanausoma mpira mapema, mifupa bado inakua, mpe miaka minne. Mshahara wa skauti uko katika ile nafasi kati ya 30 na 55. Kuona 30 hata mimi naweza.

KCSE inakupa gredi moja tu, ya kile ulichoandika msimu mmoja wa mtihani ukiwa na miaka 17 au 18, na hiyo gredi itatembea nawe kila ofisi. Hakuna mahali kwenye cheti pameandikwa "C ya leo, B+ ya baadaye". Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya sina upande katika stori hii. Hizo namba mbili zilinigusa.

Turudi kwa Chourio. Chini ya MLB kila klabu kati ya zile 30 ina ngazi za ligi ndogo: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, na chini kabisa kuna timu za akademia, nyingi zikiwa Jamhuri ya Dominika. Double-A ndiyo chekecheke. Warushaji wa pale hawakupi tu kasi, wanakudanganya kwa mipira inayopinda dakika ya mwisho, na wengi walio pale wana miaka 23 au 24. Chourio alifika pale akiwa na miaka 18. Mwaka uliofuata alipiga homurani 22 (homurani ni ule mpigo unaovuka ukuta wa uwanja, unazunguka vituo vyote ukitembea kama bwana harusi) na akaiba vituo zaidi ya 40. Mtu wa miaka 24 akileta namba hizo hizo, makocha watampigia makofi kisha waendelee na shughuli zao. Namba bila umri haisemi kitu. Hilo ndilo jambo la kwanza wachambuzi wa vipaji hufundishana, na ndilo mashabiki husahau kwanza.

Ndiyo sababu pia uongo wa umri unauma huko kuliko popote. Januari 2012 mrushaji wa Cleveland aliyejulikana kama Fausto Carmona alikamatwa Santo Domingo akitafuta viza. Jina lake halisi lilikuwa Roberto Hernández na alikuwa na miaka mitatu zaidi ya ile iliyokuwa kwenye makaratasi. Wakati huo alikuwa ameshacheza miaka kadhaa MLB na hata kushinda mechi 19 katika msimu wa 2007. Sisi tuliokulia katika soka ya vijana ambapo difenda wa chini ya miaka 17 anaachwa uwanjani na mke na watoto hatushangai. Lakini elewa hesabu yake: miaka mitatu ikiongezwa, ile namba ya pili ya skauti inafutika. Kilichoonekana kama kipaji cha mapema kinakuwa mtu mzima akishindana na watoto.

Halafu kuna mtego wa mwili. Maskauti wa zamani walipenda vijana warefu, wa mabega mapana, wenye uso wa kuuza magazeti. Billy Beane alikuwa hivyo. New York Mets walimchukua raundi ya kwanza mwaka 1980, kila kipimo kikiimba wimbo mmoja, naye akaacha nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Stanford ili acheze. Akamaliza kazi yake MLB na mechi 148, homurani 3 na wastani wa 0.219. Ni Beane huyo huyo aliyekuja kuwa bosi wa Oakland na kuanza kununua wachezaji wabaya wa sura lakini wazuri wa takwimu, akaandikiwa kitabu, Moneyball, kisha mwaka 2011 akaigizwa na Brad Pitt. Watu wengi wameiona filamu hiyo na wanajua kuhusu takwimu. Ninachokipenda mimi ni kwamba aliyeanza kutilia shaka macho ya maskauti ni mtu ambaye macho hayo yalimpenda kupita kiasi.

Upande wa pili wa huo mtego yuko José Altuve. Mwaka 2007 Houston Astros walifanya majaribio Maracay, Venezuela. Altuve, ambaye hadi leo ana urefu wa sentimita 168 hivi, aliambiwa arudi nyumbani. Kesho yake akarudi uwanjani. Wakamsajili kwa dola 15,000. Mwaka 2017 alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima ya American. Mike Piazza naye alichukuliwa 1988 raundi ya 62, wachezaji 1,389 wakiwa wameshatajwa mbele yake, na alichukuliwa kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa Tommy Lasorda, kocha wa Dodgers. Kujuana, basi. Sasa yuko katika Jumba la Mashujaa. Siku hizi uchaguzi una raundi 20 pekee, kwa hivyo Piazza wa leo angebaki nyumbani na gongo lake.

Warushaji sitawagusa sana, wananitia huruma. Mwaka 1991 Yankees walimchukua Brien Taylor nambari moja kwa dola milioni 1.55, mkono wake ukisemwa haujawahi kuonekana. Desemba 1993 akaumia bega katika vurugu nje ya uwanja na hakucheza MLB hata siku moja. Stephen Strasburg, nambari moja wa 2009, alitoa wapigaji 14 kwa stiraiki katika mechi yake ya kwanza, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa amepasuliwa kiwiko. Alirudi, akawa bora wa fainali za 2019, akapewa dola milioni 245, kisha akaanza mechi nane tu katika mkataba huo wote mwili ukakataa. Hakuna namba ya 20 hadi 80 ya mshipa wa kiwiko.

Lakini mtihani mkubwa, ule unaotenganisha waliosomwa vizuri na waliosomwa vibaya, huja kijana akishafika juu. Mike Trout aliitwa na Angels Julai 2011 akiwa na miaka 19. Katika mechi 40 alileta wastani wa 0.220. Ungekuwa na kidole chepesi mtandaoni ungeandika "amepewa sifa za bure". Mwaka uliofuata alileta 0.326, homurani 30, vituo 49 vya kuiba, na kura zote za chipukizi bora. Aaron Judge alikuwa mbaya zaidi. Agosti 2016 alipiga homurani katika jaribio lake la kwanza kabisa, halafu giza: wastani wa 0.179, na katika majaribio 84 alitolewa kwa stiraiki mara 42. Nusu kamili! Mwaka 2017 alipiga homurani 52, rekodi ya chipukizi wakati huo.

Kwa nini Yankees hawakumtupa? Kwa sababu tangu 2015 kila uwanja wa MLB una mitambo inayopima mpira umeondoka kwenye gongo kwa kasi gani na kwa pembe gani. Judge alikosa mara nyingi, lakini alipougusa, mpira ulikimbia kuliko wa karibu kila mtu. Wastani wa mipigo unachukua muda mrefu kutulia. Mpira ukipita kando ya mdakaji ni bahati, ukigonga glavu ni bahati mbaya. Kasi ya mpira kutoka kwenye gongo inatulia haraka. Idadi ya mara anazokosa nayo inatulia mapema. Kwa hivyo mchambuzi wa kweli anapomwona kijana amefeli wiki tatu, haulizi "amepata ngapi?" Anauliza: anafukuza mipira mibaya? Akiugusa, unalia vipi? Walipogundua udhaifu wake, alichukua muda gani kuuziba? Hili la mwisho kwangu ndilo zito kuliko yote, na ndilo gumu kuweka namba.

Chipukizi bora wa ligi ya American mwaka 1980 alikuwa Joe Charboneau wa Cleveland, wastani wa 0.289 na homurani 23, jiji zima likaimba jina lake. Mwaka uliofuata mgongo ukamsumbua, warushaji nao walikuwa wameshamsoma, na kufikia 1982 alikuwa amemaliza. Mechi 201 jumla. Kuanza vizuri pia si ushahidi.

Chourio mwenyewe? Miezi miwili ya kwanza ya 2024 ilikuwa mibaya, na watu wakaanza kuuliza zile milioni 82. Kisha akabadilika. Alimaliza na 0.275, homurani 21 na vituo 22 vya kuiba, akiwa mchezaji mdogo kiumri kuliko wote katika historia kufikisha 20 kwa 20 katika msimu mmoja. Ila usidhani dau hili huingia kila mara. Mwaka 2014 Houston walimpa Jon Singleton dola milioni 10 kabla ya mechi yake ya kwanza, na akaleta wastani wa 0.168.

Mwaka huo huo wa 2024 Baltimore walimwita Jackson Holliday, nambari moja wa uchaguzi wa 2022, aliyekuwa amepewa zaidi ya dola milioni 8 akitoka shule ya upili. Baba yake Matt alicheza MLB miaka mingi. Holliday alifaulu mara 2 katika majaribio 34. Mbili! Akarudishwa Triple-A, akatulia, Julai 31 akaitwa tena na homurani yake ya kwanza ikaingiza alama nne kwa mpigo mmoja. Stori nzuri, na mimi simwonei wivu. Lakini fikiria kijana aliyesajiliwa kwa dola 15,000 anayefeli mara 32 katika 34. Nani anamsubiri? Klabu ikishaweka milioni nane kwa mtu, kila mkuu wa idara aliyetia sahihi anataka aonekane hakukosea, kwa hivyo kijana anapewa kocha wa ziada, msimu wa ziada, nafasi ya tatu na ya nne. Mwenye dola 15,000 anapewa tiketi ya basi. Halafu miaka kumi baadaye watu wanaangalia orodha ya waliofaulu na kusema, "Mnaona? Maskauti walikuwa sahihi kuhusu wale wa pesa nyingi." Ile namba ya pili haitabiri tu, inasukuma pia.

Na kusubiri kunagharimu. Mwaka 2023 mchezaji wa Triple-A alilipwa angalau dola 35,800 kwa mwaka, na wale wa ligi ya chini kabisa ndani ya Marekani dola 19,800. Kabla ya chama cha wachezaji kuwaingiza ndani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mshahara wa chini MLB mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Kati ya ngazi hizo mbili kuna mlango mmoja.

Mwafrika wa kwanza kuupita huo mlango anaitwa Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini. Alikulia katika jengo la klabu ya besiboli huko Randburg ambako mama yake alifanya kazi. Pittsburgh Pirates walimsajili 2008. Glavu yake kila mtu aliikubali, wengine walisema ni ya kiwango cha juu cha MLB. Gongo ndilo lilikuwa tatizo, na ile 55 ya baadaye haikufika. Miaka minane na zaidi katika ligi ndogo. Aprili 26, 2017 aliitwa, na jaribio lake la kwanza, dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, likawa mpigo safi. Alicheza mechi 28 msimu huo na wastani wa 0.222, kisha chache akiwa na Toronto mwaka 2018. Kwa karatasi ya skauti alisomwa sawasawa kabisa: mkono mzuri, gongo dhaifu. Na bado alifika.

Majirani zetu Uganda ndio wako kwenye foleni sasa. Wao si wageni: mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, baada ya wenzao wa 2011 kufuzu kisha kunyimwa viza. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Dennis Kasumba, mdakaji ambaye video zake za mazoezi kwa matairi zilizunguka dunia, alicheza ligi ya majaribio Marekani 2023. Mwaka huo huo Pirates walikuwa na mrushaji Mganda, David Matoma.

Hapa ndipo kipimo chenyewe kinapata shida. Mtoto wa Dominika ana gongo mkononi tangu miaka mitano, na akifika 13 kuna mkufunzi anayemtafutia soko na kungoja kipande chake cha pesa siku ya kusajiliwa, miaka 16. Mganda wa miaka 20 akiwekwa uwanja mmoja na hawa wa 17, karatasi inasema amechelewa. Lakini umri wa kuishi na umri wa kucheza si kitu kimoja. Kijana aliyeona mipira inayopinda kwa miaka miwili tu na tayari ni 30, je, huyo 30 ni sawa na 30 wa kijana wa Texas aliyefundishwa na kocha wa kulipwa tangu chekechea? Ningekuwa na klabu ningeongeza safu ya tatu kwenye ile fomu: amecheza miaka mingapi, dhidi ya nani, na kwa vifaa gani.

Kwa warushaji dhuluma hii ni ndogo kidogo, kwa sababu mashine ya kupima kasi haiulizi umesoma wapi. Kilomita 155 ni kilomita 155, Kampala au Miami. Kwa hivyo sishangai kwamba wa kuangaliwa zaidi sasa ni Matoma, mwenye mkono wa kasi, na si mpigaji. Kwake usiangalie kasi, hiyo anayo. Angalia safu ya wapigaji aliowapa kituo cha bure kwa kurusha mipira nje ya eneo. Ikishuka mwezi kwa mwezi, anajifunza. Mechi nyingi za jioni kule huanza saa nane usiku kwetu, kwa hivyo utahitaji bando na chai ya tangawizi.